Daktari wa mifugo haitwi kuja kuaga ng'ombe

Kaka mmoja wa Njombe kaniandikia wiki hii. Mtamba wake kavimba tezi chini ya sikio, anahema kwa shida, na jirani kamshauri amdunge dawa iliyobaki kwenye chupa ya mwaka jana. Nilimjibu papo hapo amwite daktari. Kisha nikaona niliseme na kwenu, maana wengi mnaonisoma mnataka nilichokitaka mimi: ng'ombe wachache, maziwa ya kueleweka, ada za watoto zisitoke kwenye mkopo.

Mimi nafugia Rombo, ng'ombe wa bandani wanaokula majani na migomba. Habari za kujenga banda niziache, niende kwenye usiku ninaoukumbuka.

Ng'ombe wangu bora alizaa asubuhi. Jioni akalala asiweze kuinuka, shingo kaikunja ubavuni, masikio ya baridi. Shemeji akaniletea mchinjaji. Mtu yule akasimama mlangoni akitaja bei, mimi bado nimekishika kichwa cha ng'ombe wangu. Halijanitoka moyoni mpaka leo. Daktari akaja na bodaboda, mvua inanyesha, akatazama kidogo tu: homa ya maziwa, kalsiamu imeshuka kwenye damu. Akaipasha chupa kwenye maji ya uvuguvugu, akaiacha dawa itiririke polepole mshipani huku anasikiliza moyo, maana ikikimbizwa moyo unaweza kusimama. Ng'ombe akabeua, misuli ikatetemeka, akasimama. Ng'ombe huyo ndiye aliyewasomesha wanangu, na nasema kwa fahari.

Babu yangu hakuwa na mtu wa kumwita. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi, ikiingia zizini, tiba ilikuwa chuma cha moto juu ya tezi, na ndama alikufa na kovu lake. Leo kuna chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya. Vimelea vya ugonjwa huingizwa vikiwa hai, pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache, kwa hiyo mwenye mtamba mmoja akusanyane na majirani wamwite daktari kwa pamoja. Muguga hiyohiyo ndiko daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, alikoiandaa chanjo ya sotoka, ugonjwa uliofagia mifugo ya Wamaasai miaka ya 1890. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Watu wa kazi hii wametufanyia makubwa, jamani, na wengi wetu hata hatujui.

Lakini shukrani ya mdomo haijazi tangi la pikipiki. Mlipe daktari, na mwite mapema. Nimeumia kusikia watu wakimtangaza kijijini kwamba kaua ng'ombe, wakati walimwita siku ya tatu, mapafu yameshajaa maji. Dawa ya buparvakwoni hutibu ndigana kali ikiwahi. Ikichelewa, umelipia chupa tu. Mwite tezi inapoanza kuvimba, mwite homa inapopanda, usingoje povu puani. Na hata ukichanja endelea kuogesha dawa ya kupe, kwa sababu chanjo hiyo haizuii ndigana baridi, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe vilevile. Acheni kudunga dawa za kubahatisha!

Akija usiku, akute taa, maji ya moto, sabuni, kamba na mtu mwenye nguvu wa kumshika ng'ombe. Mwambie kila dawa iliyokwisha kuingia mwilini, hata ile ya jirani unayoionea aibu. Aandike kwenye daftari lako jina la dawa na siku za kutouza maziwa, na hizo siku uziheshimu, wateja wako wana watoto. Nauli yake mpe kabla hajawasha pikipiki kurudi.