Nyumba kwanza, pombe baadaye
Sasa we unasema mtu wa mtaani aache pombe kwanza ndo apewe nyumba, ataachaje wakati analala nje kwenye baridi, dawa zake zimeibiwa na kitambulisho kimelowa? Finland tangu 2008 wameigeuza hiyo, mtu anasaini mkataba wa kupanga kwa jina lake, anapewa ufunguo, kodi serikali inamsaidia na yeye analipa kadiri ya uwezo, halafu wahudumu wapo jirani akiwahitaji. Yale mabweni ya kulala usiku pale Helsinki mengi wakayafanya flati kabisa. Wapo wanaoendelea kunywa, sikatai, ila angalau nesi anajua agonge mlango gani, na safari za emajensi na za polisi zinapungua, ambazo nazo si bure bana.