Bidii isiyo na pa kushika

Wiki hii mmetuuliza kama zawadi humfanya mtu ajifunze zaidi. Nimefundisha darasa la pili kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba zawadi husaidia pale tu mazingira yanapompa anayeahidiwa kitu cha kufanyia kazi. Ushahidi ninaoutegemea umetoka katika shule zetu wenyewe.

Mwaka 2013 na 2014, shirika la kiraia la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 za msingi za serikali, katika wilaya 10 za Tanzania. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika nyingine 70, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani mwepesi wa Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Nyingine 70 zilipata vyote viwili, na zilizobaki zikawa za kulinganishia. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuwa imepandisha alama za watoto, kwani fedha zilipofika, wazazi nao walipunguza walichokuwa wakitumia, na motisha, yaani fedha walizoahidiwa walimu, peke yake ilileta nafuu isiyo imara. Palipounganishwa ruzuku na motisha, watoto walipanda waziwazi, tena kuliko jumla ya kile ambacho kila njia ilileta ikiwa peke yake.

Walimu wenzangu hawatashangaa. Mwenye watoto themanini na vitabu sita ukimwahidi fedha, atakazana wiki mbili tatu kisha atachoka, si kwa uvivu bali kwa kuwa bidii yake haina pa kushika. Ukimletea vitabu bila sababu ya kuvitoa kabatini, atavifungia humo visichakae, jambo ambalo mimi mwenyewe nimewahi kulifanya.

Shaka yangu iko kwenye kipimo. Kikiwa ni kufaulu au kushindwa tu, mwalimu huvutwa na mtoto aliyekaribia kufaulu, na asiyejua hata silabi huachwa. Awamu ya KiuFunza ya 2015 na 2016 ilijaribu pia utaratibu wa ngazi, ambapo mwalimu alilipwa kwa kila stadi aliyoimudu mtoto: silabi, maneno, kisha sentensi. Kwa utaratibu huo, mtoto wa dawati la mwisho angenipa sababu ya kumwendea tangu siku aliyotamka "ba, be, bi" bila kusaidiwa.