Uliza bei ya unachokishika inapangwaje

Kuchambua korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa ganda, huchosha akili kabla ya mikono. Unakaa mezani, unatenga: nzima huku, zilizovunjika kule, zilizoungua pembeni. Kesho hivyo hivyo. Nilifanya kibarua hicho Mtwara msimu mmoja nikisubiri nafasi ya chuo, na kwa kijana aliye kwenye kazi ya namna hiyo nina neno moja: uliza bei ya hicho unachokishika inapangwaje.

Mimi nilimuuliza mama mmoja mzoefu tuliyekaa naye meza moja, W240 na W320 zilizoandikwa kwenye maboksi ni nini.

"Ni hesabu, mwanangu. Korosho ngapi zinatimiza ratili moja."

Ratili ni kama gramu 454. W320 ni korosho nyeupe, nzima, 300 hadi 320 kwa ratili. W240 ni kubwa zaidi, ndiyo maana zinatosha 220 hadi 240, na bei yake iko juu. Ikivunjika tu, imeshuka daraja. Kuanzia hapo sikuwa natenga rundo, nilikuwa natenga pesa. Nikaanza kuuliza kwa nini siku nyingine zinavunjika sana, nikaambiwa korosho iliyokauka kupita kiasi hukatika upesi, ndiyo maana hurudishiwa unyevu kidogo kabla ya kufungashwa. Nikaelewa pia kwa nini nyumbani wazee wanasisitiza kuanika vizuri korosho ghafi kabla ya kuipeleka ghalani: ikiingia mbichi huota ukungu, na daraja la pili linaanzia hapo, shambani kabisa.

Hakuna aliyenipangia somo hilo. Nyapara anataka kilo zitimie, basi.

Simwambii mtu avumilie kila kitu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kwa hiyo ukipangwa kwenye kubangua bila kinga ya mikono, kataa. Malipo yakicheleweshwa, dai. Kujifunza hakulipii kodi ya chumba.

Ila kama malipo yanakuja na kinachokusumbua ni uchovu wa kurudia jambo lile lile, nunua daftari dogo. Andika madaraja, vipimo, kinachoharibu mzigo, nani ananunua na anakataa nini. Iwe chai, kahawa, tumbaku au stoo ya vipuri, vigezo vipo, na mara nyingi anayevijua vizuri si bosi. Ni yule aliyekaa pembeni yako misimu mingi bila kuulizwa chochote. Mfuate wakati wa chai.