Mbona mguu hufa ganzi kwa matatu?

SWALI: Natoka Rongai kwenda tao kila asubuhi, begi kwa mapaja, na jam ikishika nikishuka mguu umekufa ganzi halafu unaanza kunichomachoma kama sindano. Mum anasema ni damu imekwama, ni ukweli?

JIBU: Mum hajakosea sana, lakini shida kubwa iko kwa neva, ile mishipa inayobeba ujumbe kati ya mwili na ubongo. Ile nene kuliko zote mwilini hutoka kiunoni ikapita chini ya makalio hadi mguuni, sasa ukikalia ile siti ya chuma (wenye matatu wanajua wanachotufanyia) inakandamizwa pamoja na vimishipa vya damu vinavyoilisha, basi ujumbe wa mguu haufiki kwa ubongo. Ukisimama neva zinaamka lakini si zote pamoja, zinatuma ujumbe ovyo ovyo na hakuna kitu kimekugusa, ubongo nao unasoma hizo kelele kama sindano.

Chezesha vidole vya mguu kabla ya stage, na usirukie lami gari likitembea, huo mguu haujui uko wapi. Ila ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo umepinda au maneno hayatoki, hiyo yaweza kuwa stroku (kiharusi), kimbia hospitali saa hiyo hiyo.