Mjomba amelipia vikao kumi

SWALI: Mimi ni mshauri nasaha, Masasi. Mzee mmoja kaniletea mpwa wake wa miaka 19, anasema kijana anavutiwa na wanaume wenzake. Amelipia vikao kumi ili nimbadilishe, na kila Ijumaa anataka nimweleze tulichozungumza. Kijana hajatia neno. Je, maadili yananiruhusu?

JIBU: Hayakuruhusu, ndugu mshauri. Madaktari wa akili wa Marekani waliuondoa mvuto huo kwenye orodha yao ya magonjwa mwaka 1973, Shirika la Afya Duniani likafuata 1990. Utatibu nini? Huenda ukaonyeshwa utafiti wa 2003 wa Robert Spitzer, daktari wa akili wa Marekani: watu 200 waliohojiwa kwa simu wakasema wamebadilika. Spitzer mwenyewe aliomba radhi 2012, akakiri hakuwa na njia ya kujua kama maelezo yao yalikuwa ya kweli. Kinachotokea hasa ni kwamba mteja anajifunza kusema "nimepona" ili vikao viishe, kisha anabaki na aibu, huzuni, pengine na wazo la kujiua, akiamini aliyeshindwa ni yeye.

Kwetu Kusini neno la mjomba ni zito, kwa hiyo usimvunjie heshima. Mpe robo saa peke yake, sikiliza hofu yake, kisha mwambie wazi: hakuna tiba ya kumbadilisha, na anayelipa siye mwenye siri. Mpwa wake ni mtu mzima kisheria. Ijumaa atapata tu yale kijana aliyoridhia yasemwe.

Halafu funga mlango, ubaki na kijana. Kimya chake si ridhaa. Muulize, "Wewe mwenyewe ungependa tuzungumze lipi?" Usimtake akiri chochote. Ulizia usingizi, chakula, kama amepigwa au kutishiwa kufukuzwa nyumbani. Swali la kujiua lisizungushwe: "Umewahi kufikiria kufa?" Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akiwa na mpango, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, na sumu ya kupulizia mikorosho iondolewe nyumbani.

Pengine yeye mwenyewe ataomba abadilishwe. Usimkemee, wala usimsukume ajitangaze. Mweleze ukweli kuhusu tiba hiyo, kisha shughulikieni kinachomuumiza: hofu, mgongano na imani yake, upweke.

Kwenye daftari uwe mwangalifu sana, kwa kuwa sheria yetu ina adhabu kali kwa mahusiano ya jinsia moja, na karatasi ikitoka kabatini hairudi. Andika tarehe, dalili na mlichopanga. Jina la mwenzake lisiandikwe kabisa.

Kama imani yako inakuzuia kumhudumia bila kumhukumu, kwa ridhaa yake mwelekeze kwa mwenzako anayeweza, si kwa mtu atakayefanya hayo hayo uliyokataa. Na fedha za kumbadilisha mrudishie mjomba mapema. Zikikaa kwako, kila Ijumaa atakudai matokeo.