Mfuko wa unga na kengele ya saa nane usiku

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana wa miaka 14 afundishweje ugumu wa kulea kabla hajazaa? Ninyi mmependekeza mwanasesere. Mimi nasema apewe daftari.

Mwanasesere ameshajaribiwa huko Australia Magharibi. Katika shule 57, baadhi ya wasichana wa miaka 13 hadi 15 walipewa mwanasesere wa kielektroniki anayelia usiku, wamtunze wikendi moja. Matokeo yalichapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2016: walipofika miaka 20, asilimia 17 ya waliomlea walikuwa wameshapata mimba, dhidi ya asilimia 11 ya wenzao. Sishangai. Wikendi ni fupi, kila mtu anakuja kumchungulia "mtoto", Jumatatu anarudishwa, na hakuna aliyetoa hata senti.

Fanyeni hivi, msichana na mvulana kwa zamu. Mfuko wa unga wa kilo tatu, ndio uzito wa mtoto mchanga, ufungwe kwenye kanga. Unga haulii, basi simu ilie. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo kengele iwe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia: kuamka, kukaa wima dakika ishirini, kumcheulisha, kubadilisha nepi. Usiku mbili zinatosha, na zisiwe za wiki ya mitihani. Bibi akiuchukua mfuko kwa huruma, zoezi limekufa.

Kazi kubwa ni daftari, nalo liende wiki mbili. Nepi kumi kwa siku ni 300 kwa mwezi. Kijana aende dukani mwenyewe aulize bei ya pampasi, azidishe. Akichagua za kitambaa, aandike sabuni na ndoo za maji. Aongeze nauli ya kliniki: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Halafu swali linalowakwamisha wengi: saa za masomo, mtoto anabaki na nani? Wakijibu "bibi", waandike saa zake na ujira ambao angelipwa dada wa kazi. Mvulana ajaze daftari lake, kwa kipato anachoweza kupata leo, si cha ndoto.

Wazazi wengi huharibu hapo kwa kugeuza hesabu kuwa tishio: "ukizaa utakoma." Kijana hufunga masikio. Tena hesabu peke yake haimfundishi mimba inaingiaje wala kuzuiwaje. Kondomu, vidonge na namna ya kumkatalia anayemshinikiza vitajwe kwa majina, siku hiyohiyo.

Na kama darasani yumo msichana aliyekwisha kuzaa (Tanzania iliwaruhusu kurudi shuleni Novemba 2021), asifanywe kielelezo. Mwalimu amuulize kwanza, faraghani, kama anataka kushiriki.