Maswali na Majibu: Daladala Zetu za Mtwara Mjini

Wasomaji kadhaa wa Manispaa ya Mtwara Mikindani wameuliza kuhusu daladala. Kwa kuwa maswali yao yanakaribiana, nimeyakusanya na kuyajibu hapa.

Ninaishi Mikindani na kazi yangu iko Mtwara mjini. Kwa nini daladala haiondoki mpaka ijae, ilhali sisi tulio ndani tunachelewa?

Kwa sababu daladala haiendeshwi kwa saa, bali kwa hesabu. Madereva wengi hawana mshahara: asubuhi dereva anakabidhiwa gari, jioni anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi walichokubaliana, ndiyo hesabu yenyewe, na akishatoa fedha za mafuta na za konda, kinachobaki ndicho chake. Kwake yeye, kiti kitupu ni fedha iliyotoka mfukoni mwake mwenyewe. Sasa tuchukulie kipanya chenye nafasi 15, na abiria mmoja anafika kituoni kila baada ya dakika 3. Aliyeingia wa kwanza atakaa dakika 42 kabla gari halijajaa, kwa safari ya takriban kilomita 10. Katika muda huo bajaji zitapita, na mwenye haraka atateremka akapande mojawapo, jambo ambalo linawaongezea kungoja wale waliobaki.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza magari. Sikubaliani nao, kwa kuwa magari mawili yakigawana abiria walewale kwa wakati mmoja, kila moja litachelewa kujaa zaidi ya lilivyokuwa likichelewa lilipokuwa peke yake. Kinachokosekana ni saa ya kuondoka inayojulikana, hata ikiwa ni kila baada ya nusu saa, ili abiria atoke nyumbani kwa wakati badala ya kwenda kubahatisha, na gari lililoondoka na nusu ya abiria liwakute wengine wakilingoja njiani. Hilo haliwezekani mpaka tajiri akubali kupunguza hesabu yake katika wiki za mwanzo, wakati abiria bado hawajaizoea ratiba. Dereva peke yake hawezi kulibeba.

Shikamoo. Nasoma sekondari, natokea Naliendele. Konda husimama mlangoni na kusema "wanafunzi wawili tu". Je, ana haki hiyo?

Marahaba. Hana. Katika viwango vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, mwezi Desemba 2023, nauli ya mtu mzima kwa njia ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600, na ya mwanafunzi shilingi 200. Maana yake wanafunzi watatu wanaleta nauli ya mtu mzima mmoja huku wakikalia viti vitatu, na hapo ndipo kauli ya konda inapotoka. Naielewa hasara yake, lakini punguzo hilo ni sehemu ya masharti ya kazi aliyoichagua, si hisani ya kugawa kwa watoto wawili na kuwanyima wengine. Kwa upande wako, vaa sare au beba kitambulisho, na uwe na chenji mkononi, maana noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi humpa konda kisingizio.

Tulilipa nauli hadi mwisho wa njia, lakini tukashushwa katikati na gari likageuza. Tufanye nini?

Huko ndiko kukatisha ruti, na ni kosa, kwa kuwa leseni ya daladala inataja njia inayopaswa kupitwa mwanzo hadi mwisho. Dai nauli yako palepale au upelekwe unakokwenda. Ikishindikana, andika namba ya gari, saa na mahali mliposhushwa, kisha peleka malalamiko LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, au kwa askari wa usalama barabarani. Niliwahi kushushwa hivyo siku ya mvua, tukiwa watu watano. Tulibishana mpaka sauti zikakauka, gari likaondoka, na ndipo tukagundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyesoma namba yake.

Kwa nini Mtwara isijengewe mwendokasi kama Dar es Salaam?

Mwendokasi ulianza kubeba abiria Dar es Salaam mwaka 2016, katika jiji ambalo sasa lina watu zaidi ya milioni 5. Manispaa yetu haijafikia hata robo ya milioni, hivyo barabara maalumu ya mabasi ingeota majani. Mimi ningeanza na vituo vyenye paa na benchi.

Nauza samaki. Makonda wengine hunikatalia ndoo yangu, wengine hunitoza nauli ya watu wawili. Lipi ni sawa?

Ndoo ikikalia kiti, ni haki kuilipia. Ikikaa chini ya miguu yako, patana kabla ya kupanda, kwa sababu gari likishaondoka bei hupangwa na konda. Kinachowaudhi abiria zaidi ni maji ya samaki yanayochuruzika sakafuni kila gari linapofunga breki, kwa hiyo tumia ndoo yenye mfuniko unaobana, na mimina barafu iliyoyeyuka kabla ya kufika kituoni. Mkiwa wauzaji kadhaa, pandeni pamoja na mkae siti ya nyuma. Konda akiona ndoo nne kavu zimepangwa, na wenyewe wanne wameshika nauli mkononi, ubishi humwisha.